Mgongo, Goti na Ugoko: Mwongozo kwa Kijana Anayekwenda Depo na Askari Aliye Kazini

Kijana mmoja aliletwa kwangu na mama yake kutoka Mbagala, siku chache baada ya kurudi kutoka mafunzo. Alikuwa anachechemea kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyemjua asingegundua. Nikamwomba anioneshe panapouma. Hakupapasa mguu mzima kama wafanyavyo wengi. Aliweka ncha ya kidole kimoja upande wa ndani wa ugoko, kiasi cha kiganja kimoja juu ya kifundo. Nilipobonyeza hapo hapo kwa dole gumba, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Ilianza lini?"

"Wiki ya tatu, dokta."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Ningeitwa mtegaji."

Mfupa ulikuwa na ufa. Wiki zote zilizobaki alikuwa ameukimbilia mchakamchaka, ameupigia kwata na ameurukia kichura, huku akimeza dawa za maumivu alizokuwa akigawiwa na wenzake bwenini.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na wengi waliopita mikononi mwangu ni watu wa sare: askari wa kambi za mjini, vijana waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wastaafu ambao sasa wanalinda mageti ya Masaki na Mikocheni. Mtu wa nje akisikia askari kaumia, anafikiria risasi. Mimi nimeona magoti, vifundo, viuno na mabega. Karibu yote yalianza na mzigo uliopanda haraka kuliko mwili, yakaharibika zaidi kwa sababu mwenye mwili alinyamaza. Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, tangu kabla ya kuripoti depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, hadi baada ya kuumia. Ukiwa tayari uko kazini, anzia hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: elewa jinsi mfupa unavyochoka

Mfupa una uhai. Ukiupa kazi mpya, mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochakaa, kisha hujenga nyingine imara kuliko ya mwanzo. Kuondoa huenda haraka, kujenga huchelewa. Ni kama fundi anayekarabati nyumba huku wapangaji wamo ndani: matofali ya zamani keshayatoa, saruji ya mapya haijakauka, na watu wanaendelea kupanda ngazi na ndoo za maji. Ndiyo maana kuruta wengi huanza kuumwa ugoko wiki ya tatu au ya nne. Siku ya kwanza wanachoka tu.

Jambo hili lina umri mrefu. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba nyayo kwa matembezi marefu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, hivyo hakuweza kuona kilichomo ndani. Mwaka 1897 picha za eksirei ndizo zilizoonesha kwamba ile ilikuwa mifupa ya unyayo iliyovunjika bila mtu kuanguka wala kupigwa.

Kuna jambo jingine linalowaponza vijana wenye afya njema. Moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano na mfupa huhitaji miezi. Kwa hiyo ukifika wiki ya nne unajisikia pumzi ipo, unaweza kukimbia zaidi, na unakimbia kweli, wakati ugoko bado uko wiki ya kwanza. Usiipime safari yako kwa pumzi peke yake.

Hatua ya pili: anza wiki nane kabla ya kuripoti

Aliyefika kambini akiwa hajawahi kukimbia ndiye anayeumia kwanza. Hili limeonekana katika majeshi mengi, na mimi naliona kitandani kwangu. Mwanafunzi wa kidato cha sita ana nafasi finyu kati ya mtihani na kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo asisubiri amalize mtihani. Nusu saa ya alfajiri mara nne kwa wiki haiharibu masomo.

Wiki mbili za mwanzo tembea tu. Tembea haraka, dakika 30, siku nne. Najua inaonekana kama kupoteza muda, lakini hapo ndipo kazi ya mfupa inapoanza. Wiki ya tatu na ya nne kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane hadi kumi. Wiki ya tano na ya sita kimbia dakika tatu, tembea moja. Wiki mbili za mwisho ufikie mchakamchaka wa dakika 20 hadi 25 bila kusimama, siku tatu kwa wiki, zikiwa na siku ya mapumziko katikati. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuimba, maana depo utaimba. Wiki unayoongeza umbali usiongeze kasi. Ukikosa wiki nzima kwa malaria au mafua, rudi wiki moja nyuma, usiruke kwenda ulipotakiwa kuwa.

Mahali pa kukimbilia pana maana. Wengi wanapenda Coco Beach. Mchanga mkavu na mlaini unalikamua shavu la mguu na kano ya kisigino kuliko unavyodhani, kwa hiyo kwa anayeanza si rafiki. Kimbia kwenye mchanga ulioloa, maji yakiwa yamekupwa, na kumbuka ufuo umeinama: ukienda dakika kumi rudi dakika kumi kwa njia ile ile, ili mguu mmoja usibebe mteremko peke yake. Njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite ni sawa kabisa, ila ni ngumu chini, usiifanye ya kila siku. Kinachonifurahisha zaidi ni uwanja wa mpira wa udongo wa shule ya mtaani kwako. Kati ya Desemba na Machi uwe umemaliza kabla jua halijapanda, kwa sababu joto la Dar likichanganyika na unyevu linachosha misuli mapema, na msuli uliochoka unauachia mfupa kazi yote.

Hatua ya tatu: viatu, soksi na malengelenge

Orodha ya vitu vya kwenda navyo JKT inataja raba za michezo za kijani au bluu na soksi ndefu nyeusi. Watu wanahangaika na rangi, wanasahau saizi. Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi ya kutwa. Vaa soksi utakayokimbia nayo. Simama wima, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ipite nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kisichezecheze.

Mtumba wa Karume ni mzuri ukijua kukagua. Kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, aliyekivaa kabla yako amekwishakimaliza. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, kiache hata kama juu kinang'aa.

Ukiwa na unyayo bapa, usiuze simu ukatafute kiatu maalumu. Jeshi la Marekani lilijaribu kugawa viatu kulingana na umbo la unyayo kwa maelfu ya askari wapya, na majeraha hayakupungua. Chagua kinachokukaa vizuri mguuni.

Buti ni habari nyingine. Likiwa jipya livae ndani ya bweni kwa muda wa saa moja, kesho kwa saa mbili, kabla ya kwenda nalo umbali mrefu, kama ratiba inaruhusu. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye ngozi, hapo lengelenge linakuja: simama, kausha, bandika plasta, badilisha soksi. Lengelenge likikufanya ukanyage upande, baada ya siku tatu utakuwa unaumwa goti. Nimewaona waliokuja na goti nikawatibu kisigino.

Hatua ya nne: jifunze kubeba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mgongo wa askari unaharibika kwenye kubeba kuliko kwenye jambo jingine lolote.

Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na kila mtu aliyekulia Dar amelibeba. Sasa jua kwamba mwongozo wa matembezi ya miguu wa jeshi la Marekani wa 1990 uliweka mzigo wa askari anayekwenda kupigana usizidi kilo 22 hivi, na wa matembezi ya kusogea kilo 33 hivi. Yaani dumu moja na kidogo mgongoni wakati wa mapambano, na dumu moja na nusu na ushee njiani. Katika vita halisi askari wa nchi nyingi wamebeba zaidi ya hapo, na migongo yao imelipa.

Anayejiandaa aanze na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Una kilo 60? Anza na kilo sita: chupa nne za maji za lita moja na nusu. Nayapenda maji kwa sababu hayahitaji mizani, na siku mwili ukikataa katikati ya njia unayamwaga, unarudi nyumbani na begi jepesi. Tembea nalo mara moja kwa wiki, usikimbie nalo. Ongeza chupa moja kila wiki mbili. Siku ya mzigo isiwe siku ya kukimbia.

Kupanga begi: kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, kisikae chini kabisa wala upande wa nje. Vitu vyepesi ndivyo viende chini na nje. Begi likikuvuta nyuma utainama mbele kufidia, na kiuno ndicho kitakacholipa. Mkanda wa kiunoni ukiwepo, ufunge juu ya mifupa ya nyonga mpaka usikie mabega yamepumua.

Ukiona mkono unafanya ganzi, au unashindwa kuinua bega baada ya matembezi ya mzigo, usiseme ni uchovu. Mikanda imekandamiza mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na bega. Vua begi, ripoti siku hiyo hiyo. Wengi hupona, lakini anayeendelea kubeba anaweza kukaa miezi na mkono dhaifu.

Halafu kuna kazi za mikono, kufyatua matofali, kubeba magogo, mifuko ya saruji ya kilo 50. Mfuko wa kilo 50 ni wa watu wawili. Ukilazimika kuunyanyua, usogelee mpaka uguse miguu yako, piga magoti nusu, uukumbatie, kisha simama nao. Kugeuka geuza miguu, usisokote kiuno. Sijawahi kukutana na mtu aliyejivunia mfuko wake wa kilo 50 akiwa na umri wa miaka 45.

Hatua ya tano: amsha mwili, usiunyooshe baridi

Kuna mazoea ya kusimama na kuvuta mguu mmoja nyuma kwa sekunde thelathini kabla ya kukimbia, watu wakiamini inazuia kuumia. Utafiti uliofanywa kwa askari wapya 1,538 wa Australia, ukachapishwa mwaka 2000, haukuona tofauti ya maana kati ya walionyoosha na wasionyoosha. Kunyoosha hakuna ubaya baada ya mazoezi, kunapendeza hata. Kabla ya mazoezi fanya dakika tano hadi nane za kutembea haraka, kuinua magoti, kurusha miguu mbele na pembeni, kuchuchumaa mara kumi na kuzungusha mabega.

Nguvu ndiyo kinga. Mara mbili au tatu kwa wiki, sakafuni kwako, bila kifaa chochote:

- Simama kwenye ngazi kwa ncha za vidole, panda na kushuka polepole, mguu mmoja mmoja, mara 15. Hii ni ya shavu la mguu na kano ya kisigino.
- Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio, shikilia sekunde tano, mara 12.
- Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 15 kila upande. Nyonga dhaifu ndiyo mama wa goti linalouma kwa mbele.
- Kaa kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 40, mara tatu.
- Simama mguu mmoja, macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Aliyewahi kuteguka kifundo asikose hili, kwa sababu kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena.

Pushapu utazipata za kutosha kambini. Nimesema yote.

Neno kwa wakufunzi, nao ni ndugu zangu: kilometa nyingi hazileti kuruta bora. Mafunzo ya askari wa Marine wa Marekani (kikosi chao cha wanamaji) yalipopunguza umbali wa kukimbia kwa asilimia 40, mipasuko ya mifupa ilipungua kwa zaidi ya nusu, na muda wa kumaliza mbio ukabadilika kidogo sana. Wagawe kwa uwezo wao. Mwenye mbio akimbie na wenye mbio. Yule wa mwisho anayeburutwa na platuni nzima ndiye utakayempoteza wiki ya nne.

Hatua ya sita: kula, kunywa, kulala

Nitapita haraka. Mfupa hujengwa usiku na hujengwa kwa chakula. Kula maharage yote uliyopewa, kula dagaa na mboga za majani, ukipata yai au maziwa usichague. Sigara huchelewesha mfupa kupona, na wavutaji huumia zaidi mazoezini. Acha kabla hujaenda.

Kwa mabinti nina neno la pekee, na naomba msione haya kulisoma. Wanawake jeshini hupata nyufa za mifupa mara nyingi kuliko wanaume. Mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoingiza, moja ya vitu unavyozima ni hedhi, na hedhi ikikatika mfupa nao unadhoofika. Watu hucheka kwamba ni "mazoezi tu". Ukikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, mwambie muuguzi, na mwambie pia kama kuna mfupa unaouma.

Hatua ya saba: soma maumivu yako

Misuli inayouma kesho yake baada ya kazi mpya, pande zote mbili, ikapungua ukishapasha mwili na kuisha ndani ya siku tatu, hiyo ni kawaida. Endelea.

Maumivu ya kuyatilia shaka yana tabia zake. Yako upande mmoja. Yanaanza mapema zaidi kila siku: jana yalikuja mwisho wa mbio, leo katikati, kesho ukivaa buti tu. Yanabaki ukipumzika. Yanakuamsha usiku.

Kwa ugoko fanya jaribio la kidole. Pitisha dole gumba taratibu kando ya ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti hadi kifundo. Kama panauma kwa urefu wa vidole vitatu au zaidi, kama mstari, mara nyingi ni utando wa mfupa na misuli vilivyochokozwa. Punguza kukimbia, weka barafu, imarisha shavu la mguu. Kama panauma mahali pamoja padogo panapofunikwa na kidole kimoja, uchukulie mfupa huo kuwa una ufa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Watu wengine hupenda kujaribu kwa kuruka mguu mmoja. Kama kubonyeza tu kumekutoa jasho, usiruke.

Kifundo kilichoteguka: ukiweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, na mfupa wa kando ya kifundo ukibonyezwa kwa nyuma hauumi, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo. Ukishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe unauma, unahitaji eksirei. Usimruhusu mtu akukande kwa nguvu na maji ya moto siku hiyo. Najua bibi zetu wanakanda kwa upendo, lakini siku mbili za mwanzo joto na kusugua huongeza uvimbe. Bandeji, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, mguu juu ya mto.

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi:

- Maumivu ya kinena au nyonga yanayozidi ukikanyaga. Shingo ya mfupa wa paja ikiwa na ufa na ukaendelea kukimbia, inaweza kukatika kabisa, na hapo tunazungumzia upasuaji.
- Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu kulegea.
- Shavu la mguu lililokaza kama jiwe, linalouma kuliko jeraha linavyoonekana, na vidole vinafanya ganzi.
- Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya pushapu au kichura kupita kiasi. Misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hapo ni hospitali, moja kwa moja.

Hatua ya nane: sema, na useme vizuri

Neno "kutega" limeharibu miguu mingi. Nalielewa: mkufunzi ana vijana mia, na kweli wapo wanaokwepa. Lakini anayetega huwa hana maelezo. Wewe uwe nayo. Kabla ya kwenda zahanati ya kikosi andika kwenye kidaftari chako mambo matano: panauma wapi (kidole kimoja), palianza siku gani, unakuwa unafanya nini panapouma, panaongezeka au panapungua, na umemeza dawa gani. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, ugoko wa kulia, hapa, tangu Jumatatu iliyopita. Mwanzo ulikuwa unauma nikimaliza mbio, sasa unauma nikitembea kwenda jikoni." Sijawahi kuona mganga akimfukuza mtu aliyeeleza hivyo.

Eksirei ikirudi safi, usidhani umesingiziwa ugonjwa wala umepona. Ufa wa mfupa unaweza usionekane kwenye picha wiki mbili tatu za mwanzo. Kama panauma bado, rudi upigwe tena au uombe rufaa. Hapa Dar tuna bahati: ipo Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, na ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa mambo makubwa ya mifupa na mgongo. Kwenye rufaa nenda na picha zako za zamani na barua, usiende mikono mitupu.

Sasa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kila duka la dawa, na bwenini zinazunguka kama karanga. Zinazima kengele, moto unaendelea. Zaidi ya hapo, ukizimeza tumbo tupu zinachubua tumbo, na ukizimeza ukiwa umekaukiwa maji kwenye joto hili zinaumiza figo. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kukimbia. Kama huwezi kukimbia bila dawa, siku hiyo hukimbii.

Ukipewa ED ("excuse duty", karatasi ya kupumzishwa kazi kwa ugonjwa), isome. Iseme nini usifanye na mpaka lini. "Apumzike" haimsaidii mkufunzi. "Asikimbie, asiruke, asibebe mzigo kwa siku 14, anaweza kufanya mazoezi ya mikono akiwa amekaa" inamsaidia kila mtu, na inakulinda usikae bure ukaitwa majina. Mwombe mganga aandike hivyo.

Hatua ya tisa: rudi kwa ngazi

Ufa wa ugoko kwa kawaida unataka wiki sita hadi nane. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kupumzika wiki sita kisha kurudi kwenye mbio za kilometa nane siku ya kwanza, kwa sababu karatasi imesema amepona. Mfupa umepona kiasi cha kukubebea mwili wako, haujazoea tena kupigwa chini.

Ngazi ya kwanza: tembea dakika 30 bila maumivu, siku tatu mfululizo. Ya pili: panda na kushuka ngazi, inuka kwa ncha za vidole mara 20 kwa mguu ulioumia. Ya tatu: rudi kwenye ule mpango wa dakika moja kukimbia na mbili kutembea, uliouanza nyumbani. Ya nne ni mbio mfululizo, kwanza tambarare. Kuruka, kichura na mzigo vije mwisho kabisa. Kila ngazi baada ya ile ya kwanza ikae angalau siku nne. Maumivu yakirudi wakati wa zoezi au kesho yake asubuhi, shuka ngazi moja, kaa siku tatu, panda tena.

Yule kijana wa Mbagala alilia nilipomwambia atembee tu kwa wiki mbili. Mama yake ndiye aliyesimamia. Alikuwa anatembea naye kila jioni mpaka kituo cha daladala na kurudi.

Kwa walio kwenye usukani, lindoni na getini

Dereva wa lori la jeshi anatikiswa kutwa nzima, kisha anashuka na mara hiyo hiyo anaanza kupakua mizigo. Diski za mgongo zikitoka kwenye mtikisiko mrefu hazipendi kuinama na kunyanyua papo hapo. Shuka, tembea dakika tano, ndipo uguse mzigo. Kiti kisogeze mpaka goti likunjike kidogo ukikanyaga klachi hadi mwisho, na weka taulo iliyokunjwa kwenye uwazi wa kiuno. Kwenye foleni bana na kuachia makalio, sogeza mabega.

Aliye lindoni asisimame kama nguzo. Hamisha uzito, weka mguu mmoja juu ya jiwe au tofali kwa dakika kumi, badilisha. Bunduki ihame bega.

Mstaafu aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi ajue kwamba sasa ni mfanyakazi kama wengine. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Ukianguka kwenye ngazi za geti usiku, mwajiri aambiwe asubuhi hiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Vyeti vyako vya matibabu vya tangu depo, ED zote, picha za eksirei, viweke kwenye mfuko mmoja wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na vipige picha kwa simu umtumie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.